Mzee wa Chekeche

Hakuwa mtu wa kupendeka upesi, na mimi sitamremba hapa kwa sababu tu ya uzee wake. Alikuwa mkali, mbishi, hanywi chai ya nyumba asiyoijua, na ukimwamkia akiwa kazini alikuitikia "marahaba" bila kuinua kichwa, kama anayefukuza nzi. Kijijini kwetu, njia ya Kirongwe, watu wote walimwita mzee wa chekeche. Hata wajukuu zake walimwita hivyo. Jina lake ninalijua, lakini siliandiki, na sababu mtaiona.

Chekeche lenyewe lilikuwa fremu ya mbao yenye wavu wa chuma, imening'inizwa kwa kamba kwenye miti mitatu. Watafiti wa mambo ya kale walipokuja kuchimba kwenye mashamba ya mikorosho, udongo wote uliotoka shimoni ulipita mikononi mwake. Alitikisa mara tatu, akaacha, akatazama. Kilichobaki juu ya wavu alikigawa kwa kidole: kigae cha chungu huku, ushanga huku, mfupa wa samaki huku. Asichokijua alikitia mdomoni. Ndiyo, mdomoni, msikunje uso. Mfupa wa kale hunata ulimini, jiwe halinati. Hakufundishwa na mtu. Mtafiti mkuu alipomwona mara ya kwanza alicheka, mara ya pili akaandika kwenye daftari, na msimu uliofuata nikamsikia akiwafundisha wanafunzi wake wa chuo kana kwamba amezaliwa nayo.

Mzee alikuwa palepale, mikono imejaa vumbi. Akaniuliza, "Anasemaje huyo?"

Nikamtafsiria.

"Mwambie wateme mate, wasimeze. Hilo amelisahau."

Sikumwambia mtafiti. Mimi nilikuwa mkalimani, nimemaliza kidato cha sita, nasubiri kwenda chuo cha ualimu, na Kiingereza changu kilitosha kuniweka kivulini na kalamu wakati wenzangu wako juani na majembe. Nilikuwa na mkataba wa kurasa mbili, umepigwa muhuri. Niliuweka kwenye bahasha, bahasha nikaiweka ndani ya msahafu, kwa jinsi nilivyouona mkubwa. Wachimbaji hawakuwa na karatasi yoyote. Walikuja asubuhi, wakaondoka alasiri, kesho wakaja tena, misimu ikapita.

Utafiti una maadili yake, basi siku ya kwanza ya kila msimu niliwasomea karatasi ya ridhaa. Kwamba unashiriki kwa hiari yako, unaweza kujitoa wakati wowote, na kwa usalama wako jina lako halitaandikwa popote. Wenzake waliweka dole gumba mara moja wakashika majembe. Yeye alibaki ameshika karatasi.

"Kwa nini lisiandikwe?" akasema. "Nimeiba?"

Watu wakacheka hadi wengine wakakaa chini. Mtafiti akaniuliza wanacheka nini. Nikamjibu wamekubali. Lile lilikuwa kosa langu la kwanza, na sikuliona kuwa kosa, nililiona kuwa wepesi. Mzee hakuwa amemaliza. Aliniuliza, "Na karatasi ya kazi, kama hiyo yako, yetu iko wapi?" Nikamwambia, "Mzee, hii kazi ya wiki chache, mkataba wa nini?" Hakuna aliyenituma kusema hivyo. Yalitoka kinywani mwangu mwenyewe, mtoto wa kidato cha sita anamjibu mtu wa umri wa baba yake.

Alikuwa mwongo, hilo nalo niliseme. Mwongo wa hadithi. Wanafunzi wa kigeni walipenda kumfuata na vinasa sauti, wakimtaka asimulie mambo ya wazee. Aliowapenda aliwaambia hajui. Waliomchosha aliwapa hadithi. Binti mmoja alimwambia kwamba kijiji chetu kilianzishwa na mwanamke aliyekuja amepanda kasa, na kwamba ndiyo maana mpaka leo hatugombani na wakwe zetu. Binti wa watu aliandika kurasa nne. Mzee akaenda nyuma ya kichuguu akacheka hadi akakohoa. Nilipomgombeza alisema, "Si alitaka? Mgeni akitaka kitu humnyimi."

Lakini kwenye udongo hakuwa na mchezo. Siku moja kimfuko cha vigae kiliandikwa tabaka la tatu, naye akasema vimetoka la pili. Kila mtu amechoka, gari limeshawashwa. Alikaa chini mbele ya gari. Wallahi alikaa chini, miguu ameinyoosha, mpaka mtafiti mkuu akashuka, akafungua daftari lake, akakuta kweli ni la pili. Hakuna aliyemwomba radhi. Yeye akainuka, akajipangusa, akaenda zake. Kwa mdomo angekudanganya mchana kutwa na kufurahi, ila kitu kilichotoka ardhini alitaka kikae kilipokuwa.

Nyumbani kwake nilifika mara nyingi. Ua ulikuwa umefagiwa hata mistari ya fagio inaonekana. Alikuwa na ugonjwa wa wageni, ndivyo mkewe alivyouita. Akisikia watafiti watapita njia ya kwao, alifagia mwenyewe, akaficha ndoo iliyopasuka, akamfukuza kuku. Mkewe, Mungu amrehemu, aliwahi kumletea chakula shambani amevaa kanga iliyochanika pindo, mzee akamrudisha akabadilishe kwanza, chakula kikapoa. Mama yule aliporudi alikiweka chini kile chakula akasema, "Haya, wageni wako na wale." Wachimbaji wote wakainama kwenye sahani zao. Mimi nilimchukia siku ile. Baadaye nilielewa kwamba hakuwa akijivuna. Alikuwa akiona haya, tena haya ya kweli, ya kumtoa jasho, asionekane mtu wake yeyote katika hali asiyoitaka mbele ya mgeni.

Shimoni aliingia bila viatu, na kila asubuhi alitoa salamu kabla ya kushuka. Mwanafunzi mmoja aliniuliza anamsalimia nani. Nikamuuliza. Akasema, "Ukiingia nyumba ya mtu hupigi hodi?"

Katika msimu wa mwisho, kwenye shamba la mikorosho lililo nyuma ya shule, walikuta kaburi. Alhamisi ilionekana mifupa ya miguu tu, upande wa magharibi, na Ijumaa asubuhi wakaanza kufuata mwili kuelekea mashariki. Mbavu zilikuwa zimesagika chini ya uzito wa ardhi, hazisemi kitu. Fuvu lilikuwa bado chini ya udongo. Saa sita kasoro kazi ikasimama, wachimbaji wakakimbilia kuoga kwa ajili ya swala, wageni wakaenda kula. Mzee alibaki kufunika shimo kwa turubai. Aliingia msikitini wa mwisho, ndevu zinadondoka maji. Mtu ambaye sasa ni mume wangu alikuwa safu ya nyuma, ananiambia anakumbuka.

Jumamosi walifunua fuvu. Lilikuwa limelala kichwa mashariki, uso umegeukia kaskazini, kibla chetu. Mtafiti mkuu alipiga magoti. Picha zikapigwa, michoro ikachorwa, mzee akasimama pembeni na chekeche lake. Udongo ule ulipopimwa ukaonekana wa zamani mno, zamani kuliko watu walivyodhani Uislamu ulifika kisiwani kwetu. Yakaandikwa makala. Makala yenyewe mimi sijayasoma mpaka leo, maana ukiyafungua kwenye mtandao unaombwa neno la siri la chuo. Tuliahidiwa mrejesho, mkutano wa kijiji na kitabu kidogo cha Kiswahili. Kilichokuja ni kibao. Kibao cha chuma, rangi ya kijani, kimesimikwa pale shambani, kinasema hapa alizikwa mmoja wa Waislamu wa mwanzo wa pwani hii. Mifupa ilikwenda ng'ambo na sanduku la watafiti.

Kibao kile kilitubadilisha. Wageni wakaanza kushuka kutoka mjini Kilindoni kukitazama. Kwenye maulidi aliombewa yule marehemu. Nami nilikuwa nimesharudi, mwalimu wa historia wa shule ya msingi ya kijiji, na kila mwaka niliwatoa watoto darasani nikawasimamisha mbele ya kibao wakasoma kwa sauti. Jamani, nilijivuna. Nilikuwa nawaambia, "Nilikuwapo."

Mwaka mmoja, baada ya somo kama hilo, mzee alikuja kwangu alasiri. Alikataa kiti. Alikuwa ameanza kupoteza macho.

"Mwanangu, yule mtu hakuwa akitazama kibla."

"Mtu gani, Mzee?"

"Wa kwenye kibao. Nilimgeuza mimi."

"Ulimgeuza vipi?"

"Kwa mikono. Wewe ungemgeuza kwa kitu gani?"

Akanieleza. Siku ile ya Ijumaa, akiwa peke yake, aliona ukingo wa fuvu. Akashuka na brashi ausafishe kidogo, ajue pa kuweka turubai lisilikandamize. Akaukuta uso umegeukia kusini, kisogo ndicho kiko kibla. Akakaa kwenye ukingo wa shimo. Akafikiri kwamba kesho wageni watampiga picha huyu mtu, picha itakwenda nchi zao, naye amempa Mola wake kisogo. Basi akashuka tena, akaingiza viganja chini ya fuvu, akaligeuza polepole, kama unavyomgeuza mgonjwa kitandani. Akamsomea Fatiha. Akarudishia udongo, akaushindilia kwa ngumi, akafunika.

"Nilimwonea haya," akasema. "Nilidhani namsitiri. Sikujua kwamba wanasoma uso umeelekea wapi."

Nitasema ukweli, sikumhurumia. Nilikasirika. Nilimwambia, "Mzee, wewe uliyekaa chini mbele ya gari kwa ajili ya vigae!" Akaniambia, "Ndiyo, ni mimi." Nikamuuliza kwa nini amekaa kimya miaka yote. Akasema mwanzo alidhani ni jambo la picha tu. Halafu kibao kikaja. Halafu akasikia watoto wanasoma.

"Wamemwandika Muislamu. Huenda alikuwa, huenda hakuwa, Mungu ndiye ajuaye. Sisi ulitusomea karatasi, tukakubali, tukaweka dole. Yeye nani alimsomea?"

Nikamuuliza anataka nini. Alikuwa amelifikiria muda mrefu, maana alijibu bila kusita: kiandikwe kilichokuwapo kabla ya mkono wake, na kiandikwe alichokifanya, na jina lake liwekwe hapo, wamlaumu yeye, wasimsingizie maiti. "Nitaulizwa, mwanangu. Na siku zangu si nyingi."

Nikamwandikia mtafiti mkuu. Alikuwa amestaafu. Alinijibu kwa upole, kwamba anamkumbuka vizuri mzee wetu na ucheshi wake, anakumbuka na ile hadithi ya kasa, na kwamba kumbukumbu za wazee huchanganyika. Picha zipo, akasema. Nikaandikia chuo chake. Ilichukua miezi. Wakajibu kwamba marekebisho hupokelewa kutoka kwa waandishi wa makala au mtu aliyesajiliwa kwenye mradi, na kwamba katika kumbukumbu zao hakuna mtu wa namna hiyo, kuna vibarua sita wa kijijini, majina yamehifadhiwa kwa mujibu wa maadili. Nilimsomea. Akasema, "Sita? Tulikuwa saba."

Nikasema tutafute uthibitisho kwamba alifanya kazi. Nikampeleka Kilindoni kwa ofisa wa kazi, kijana mwenye adabu zake, alimwamkia mzee na kumpa kiti. Akafungua sheria, akatusomea kwamba mwajiri anapaswa kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, hata wa muda. Mzee akanigeukia. Macho yake yalikuwa hayaoni tena vizuri, lakini alinigeukia. Nilijua anasikia sauti ya nani, ikiuliza mkataba wa nini. Ofisa akauliza mkataba, tukasema hakuna. Orodha ya mahudhurio? Ilikwenda na sanduku. Mwajiri yuko wapi? Ng'ambo, na mradi umefungwa.

"Mama," ofisa akaniambia, "sheria ipo, tena nzuri. Lakini hapa, kwa karatasi, huyu mzee ni jirani aliyekuwa anapita shambani."

Nikamwambia mimi ni shahidi, nilikuwa na mkataba, ninao mpaka leo. Akauliza mkataba wangu unamtaja? Haukumtaja. Tuliondoka. Tulipofika kwetu mzee akasema tu kwamba yule kijana ana mikono baridi, apime damu.

Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyekuwa wa mwisho, naye hakunizungusha. "Mwalimu, tumeombea watu pale. Wewe unataka niwaambie nini? Kwamba tulimwombea nani? Mzee wa watu amezeeka, mwacheni apumzike." Nilipoanza kubisha akaniuliza kama nimechoka kufundisha kijijini.

Ndipo nikamwambia mzee nitaandika mwenyewe, kwenye gazeti, popote, nitaweka jina lake. Alikataa. Alisema kama haliwezi kuwekwa pale palipo na uongo, nisilipeleke kwingine kwa kumliwaza. Kwa hiyo halipo hapa.

"Basi waambie watoto," akasema. "Hao wako mikononi mwako. Hawatakudai mkataba."

Nikamwahidi. Nilimshika mkono kabisa nikamwahidi.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya mitihani. Ya pili ikanyesha, shamba likajaa tope. Ya tatu nilifika mpaka kwenye kibao na darasa zima, nikafungua mdomo, nikawaambia watoto wapange mstari vizuri. Nilijitetea kwamba natafuta maneno ya kuwafaa watoto. Maneno yalikuwapo. Nilikuwa nawaza mwenyekiti, na uhamisho, na mume wangu aliye na mashamba hapa, na wazazi watakaokuja shuleni kuniuliza nimesema nini juu ya marehemu wao. Yarabi, mtu ana sababu nyingi akizitafuta.

Halafu wakaja wageni wa wilaya. Asubuhi ya saa nne, magari matatu, viti vya plastiki, mwenyekiti na kofia mpya. Mimi na darasa la tano mbele ya kibao. Na mzee alikuwa pale. Hakuna aliyemwalika. Alikuwa amekaa kwenye shina la mkorosho, fimbo katikati ya magoti, uso ameuelekeza kwetu kwa kufuata sauti.

Msichana wangu mmoja, hodari kuliko wote, akasoma kibao chote bila kukosea. Wakampigia makofi. Mgeni mkubwa wao akapendezwa, akaacha hotuba yake, akanigeukia.

"Mwalimu, nimeambiwa wewe ulikuwapo wakati wa kuchimba. Ni kweli walimkuta hivyo, ametazama kibla?"

Mwenyekiti alikuwa ananitazama. Msichana yule alikuwa ananitazama, anatabasamu, anasubiri mwalimu wake aseme alichomfundisha. Nikamtazama mzee. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, sikio mbele, kama alivyokuwa akisikiliza mchanga unavyopita kwenye wavu.

"Ndiyo, mheshimiwa," nikasema. "Ndivyo alivyokutwa."

Wakapiga makofi tena. Wakapiga picha. Nilipewa chupa ya maji, nikainywa yote.

Walipoondoka niliwarudisha watoto darasani na kiranja, nikamwendea mzee. Nilitamani anitukane. Yeye aliyekuwa akigombana na watu kwa kigae kimoja, nilitamani anipige na ile fimbo mbele ya kijiji kizima.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Nilitaka kukwambia..."

"Ulikuwa na wageni," akasema. "Najua. Na mimi siku ile nilikuwa na wageni."

Hakusema kwa ubaya, na ndicho kilichoniua. Akainuka, akaniomba nimvushe mtaro kwa kuwa mvua ilikuwa imeuchimba. Nikamshika mkono tukavuka. Upande wa pili akauachia, akaenda zake akipapasa njia kwa fimbo.

Hakuniuliza tena mpaka alipofariki. Kesho nina kipindi cha historia, darasa la tano, na kibao kimepakwa rangi mpya.